Kalamu ya Mkono wa Kushoto

"Usiandike jina lako," fundi aliniambia, kalamu ikiwa bado mkononi mwake. "Chochote kile, ila jina lako hapana."

"Kwa nini?"

"Jina lako umeliandika tangu ukiwa mdogo. Mkono unalijua wenyewe, haungoji kalamu. Ukiniandikia jina lako, kila kalamu itaonekana nzuri. Niandikie kitu ambacho hujawahi kukiandika."

Shangazi, ambaye alikuwa bado anahema kwa zile ngazi, alicheka hadi akashika mbavu. "Mwanangu, kimbia. Mwanamume anayekataa jina lako tangu mlangoni, utamfanyia nini?"

Fundi aliinamisha kichwa akaanza kufuta kalamu ambayo haikuwa na kitu cha kufutwa. Mimi nilitamani sakafu ipasuke niingie, nitokee kwenye duka la viatu lililokuwa chini yetu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Siku hiyo alinifuata kwa fundi akisema anataka kuona kalamu gani hiyo inayochukua muda mrefu kuliko mimba. Lakini kalamu haikumhusu. Alikuja kumwona mwenye kuinoa. Na akitoka hapo alikuwa aende moja kwa moja kwa Mwenye Vioo, kumpelekea jibu langu.

Mwenye Vioo alikuwa anauza vioo vya madirisha. Alifiwa na mkewe, akakaa, akatulia, kisha akamtuma mtu kwa Shangazi kuniulizia. Mtu mpole. Akikutana na binti yangu njiani humuuliza habari za shule na hungoja jibu, na kungoja jibu la binti yangu ni kazi, kwa maana hatukumwita Chiriku bure. Hana kosa. Nilimtafuta kosa usiku na mchana, nikalikosa, na hilo ndilo lililokuwa linanichosha.

Na fundi? Fundi hakuwahi kuniambia neno ambalo ningeweza kwenda nalo nyumbani. Kulikuwa na macho tu. Mwanzoni alikuwa akiutazama mkono wangu ninavyoandika, mkono peke yake, kama vile hauna mwenyewe. Siku zikienda, macho yakaanza kupanda. Yakafika kwenye kiwiko. Yakafika begani. Wiki iliyopita yalifika usoni yakakaa huko, na chai yake ikapoa. Lakini mimi na kusoma macho ya wanaume tumeshaachana. Niliyasoma ya baba yake Chiriku kwa bidii zote nikafeli mtihani, na yeye akaondoka mtoto hajaota jino.

"Basi njoo ukae," fundi alisema, akanivutia kiti karibu na dirisha.

Labda nieleze kalamu yenyewe. Kazi yangu ni kuandika majina kwa mkono. Vyeti vya wanaohitimu, kadi za mialiko, majina kwenye bahasha za maharusi. Bado wapo watu wanaotaka jina lao liandikwe na mtu, kwa wino, herufi ikinenepa huku na kukonda kule. Kalamu ya kuandika hivyo huwa na ncha bapa. Ila mimi natumia mkono wa kushoto, na hizo ncha hukatwa kwa ajili ya watu wa kulia. Ukiandika kwa kushoto, mkono unaufuata wino nyuma nyuma na kuuburuta kabla haujakauka. Nimeharibu vyeti vya madaktari mimi. Jioni ubavu wa kiganja changu huwa mweusi kama sufuria, na Chiriku huniambia, "Mama, leo umeshika nani?"

Nilipompelekea fundi kalamu yangu mara ya kwanza, aliitazama kwa kioo chake cha kukuzia vitu, kile anachokibana jichoni, akasema, "Hii ilikatwa na mtu ambaye hajawahi kukaa upande wako." Nilijifanya natafuta kitu mkobani. Niliogopa sauti ingenitoka vibaya.

Sasa alinipa kalamu hiyo mkononi. Ncha ilikuwa imekatwa mshazari, upande ambao sijawahi kuuona kwenye kalamu yoyote.

"Ilaze karatasi mshazari," alisema. "Zaidi. Mkono uwe chini ya mstari, usikunje kifundo. Sasa andika."

"Niandike nini?"

"Mwandikie kitu, mwanangu," Shangazi alisema. "Mwandikie mapishi."

Nilitazama nje. Upepo ulikuwa mkali. Mama mmoja alikuwa anavuka barabara na godoro kichwani, analishika kwa mikono miwili, na godoro linataka kwenda linakotaka. Nikaandika hivyo. *Mama anavuka barabara na upepo unalitaka godoro lake.*

Sijui niseme nini kuhusu hiyo kalamu. Nilizoea kusukuma; safari hii sikusukuma. Wino ulishuka kama uliokuwa unaningoja. Herufi zilinenepa palepale nilipotaka na kukonda palepale, na nilipofika kwenye godoro nilikuwa nimesahau kama kuna watu chumbani.

"Inakwaruza?"

"Haikwaruzi."

"Ukiwa unapandisha?"

"Hata."

"Pale unapofunga o, ukirudi kushoto, haishiki kidogo? Kama kucha kwenye soksi?"

Niliinua uso. Ndivyo hasa kalamu zilivyonifanyia maisha yangu yote, kama kucha kwenye soksi, na sikuwahi kumwambia mtu kwa sababu sikujua kama kuna maneno yake.

"Umejuaje?"

"Ilikuwa inashika," alisema taratibu. "Nimeitoa."

Niligeuza kiganja. Ubavu wake ulikuwa safi. Nilimwonyesha, kama Chiriku anavyonionyesha mikono kabla ya kula, naye akautazama mkono, kisha akanitazama mimi. Nadhani nilikuwa natabasamu. Moyo ulikuwa unanipiga hadi nikahisi Shangazi atausikia.

Shangazi hakuusikia. Alikuwa na joto lake. Alikuwa amechukua karatasi chache kutoka kwenye kisanduku cha chini ya meza, zile za kufutia wino, akawa anajipepea nazo. Ghafla akaacha kujipepea. Akaishusha moja, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wasiotaka kukubali miwani.

"Fundi," aliita. "Hongera baba."

"Asante, mama. Kwa lipi?"

"Kwa mtoto. Kaanza shule lini?"

"Mtoto gani?"

"Huyu." Shangazi aligeuza karatasi kwetu. "Baba, bibi, bubu. Baba, bibi, bubu. Ukurasa mzima. Herufi nyingine zinapanda mlima, nyingine zimelala kabisa. Na hii nyingine, hebu tazama. Kata, kete, kiti. Miaka sita? Saba?"

Nilicheka kwanza. Nilidhani fundi naye atacheka. Lakini nilipomtazama, kicheko kilinikwama. Jasho lilikuwa limemtoka puani. Aliinuka, akazichukua zile karatasi mkononi mwa Shangazi kwa adabu zote, akazikunja na kuzitia mfukoni.

"Hakuna mtoto, mama."

"Basi nani kaandika?"

Fundi aliufunika mfuko wake kwa kiganja.

"Nauliza tu, baba, mimi ni mtu mzima. Mtoto si dhambi. Huyu wangu naye anaye, na hatujamficha, tena hafichiki, yule akifungua mdomo mtaa mzima unajua kaamka. Lakini wewe juzi juzi tu uliulizwa na huyo huyo mtoto, 'Wako wako wapi?' Ukasema hujajaliwa. Si ndivyo ulivyonisimulia, mwanangu?"

Ndivyo nilivyomsimulia. Nilisimulia kwa furaha tena, huku nakoroga uji.

"Ni makaratasi ya kazi," fundi alisema.

"Kazi ya baba, bibi, bubu?"

Nilimgeukia. "Ni ya nani?"

Alinitazama, na safari hii macho yale sikuyaelewa hata kidogo. Yalikuwa kama yananiomba kitu. "Nitakwambia," alisema. "Si sasa."

"Kwa nini si sasa?"

Akamtazama Shangazi, akatazama chini. "Si mbele ya watu."

Jamani. Mwanamke aliyewahi kuachwa akisikia "nitakwambia, si sasa", masikio yake hayahitaji zaidi. Niliiweka kalamu juu ya kitambaa, polepole, nisiidhuru ile ncha. Nilisema asante, kazi ni nzuri, nikachukua mkoba wangu. Aliniita, "Mama Chiriku." Hakuwahi kuniita kwa sauti ile. Nilishuka ngazi bila kushika ukuta.

Chini, Shangazi alinikuta nimesimama kwenye mlango wa duka la viatu kama mtu anayengoja mvua ipite, na mvua hakuna.

"Usilie."

"Silii."

"Vizuri. Sasa sikiliza. Mimi sikusema ni mtu mbaya. Mikono yake safi, ananiamkia vizuri, chumba chake hakinuki. Lakini siku hizi watu wanaandika kwa kidole gumba kwenye simu, yeye ananoa kalamu! Haya, hilo nilikuwa nimelimeza. La mtoto wa kufichwa silimezi. Anayemficha mtoto, kesho atamficha mama yake mtoto, na keshokutwa atakuficha wewe."

"Labda ni wa ndugu yake."

"Angesema. Mtu akiulizwa mtoto wa ndugu yake anasema kabla hujamaliza kuuliza." Alinishika shavu. "Nakwenda kwa Mwenye Vioo. Nimwambie nini?"

Nilianza kufunga na kufungua zipu ya mkoba.

"Usiponiambia, nitamwambia ndiyo. Namwambia ndiyo kwa sababu yule mtu kangoja kwa heshima, na kwa sababu wewe mwenyewe ungekuwa na hapana ungeshaisema." Kisha akatazama miguu yake. "Ila siwezi kwenda kwa mkwe na ndala zimekatika gidamu. Kaa hapo. Nikishapata kiatu naondoka."

Akaingia dukani. Nilimsikia anaanza kugombana na muuzaji kuhusu ukubwa wa mguu wake, ambao kwa maelezo yake haujabadilika tangu aolewe.

Nilikaa kwenye benchi la kujaribia viatu. Ndipo nilipoona kwamba nimeshika karatasi moja. Ilikuwa imeanguka Shangazi alipokuwa akijipepea, nikaiokota bila kujijua, kama mama yeyote anavyookota kitu sakafuni. Niliinyoosha juu ya goti.

*Baba, bibi, bubu.*

Nilitaka kuichukia ile karatasi. Nilijitahidi. Nilijiambia tazama, huyu ndiye aliyefichwa, na mahali fulani yuko mama yake. Lakini mwandiko wa mtoto huwezi kuuchukia. Ile b ilikuwa na tumbo kubwa kuliko mgongo. Alikuwa amebonyeza hadi karatasi ikatoboka. Na juu ya kila mstari, toka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na kivuli cha wino kilichoburutwa.

Nilikitazama kile kivuli. Nikakitazama tena.

Hicho nakijua. Nimeishi nacho. Mtu wa kulia hakitoi, hata akiandika kwenye maji. Hicho ni cha mkono unaoufuata wino nyuma nyuma.

Mtoto wake anatumia kushoto!

Sijui nieleze vipi yaliyonipata hapo. Hasira ilikuwepo, haikuondoka, lakini nyuma yake kikaja kitu kingine kikaipita mbio. Nilimwona yule mtoto. Nilimwona kabisa: mvulana, sijui kwa nini mvulana, kichwa kimelazwa juu ya meza, ulimi nje, kiganja cheusi, anaburuta b yake na haelewi kwa nini ya jirani yake ni safi na yake si safi. Mwalimu anamwambia mchafu. Mimi niliitwa mchafu hadi darasa la nne. Nilijifunza kuficha mkono chini ya dawati. Na huyu maskini anajifunza hayo hayo, na baba yake ni fundi wa kalamu!

Nikampa kitanda. Namaanisha hivyo hivyo: nikiwa nimekaa kwenye benchi la duka la viatu, nilimpa kitanda kwangu, upande wa ukutani, Chiriku asogee. Nikampa bakuli letu la bluu. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza jinsi nitakavyomfundisha kuilaza karatasi.

Shangazi alikuwa amekaa, mguu mmoja ndani ya kiatu, mwingine angani. "Unakwenda wapi?"

"Juu."

"Kufanya nini?"

"Sijui!"

Fundi alikuwa palepale nilipomwacha. Kalamu ilikuwa bado juu ya kitambaa. Alikuwa hata hajaifunika, na fundi yeyote wa kalamu haachi ncha wazi.

"Mlete," nilimwambia.

"Nimlete nani?"

"Mtoto. Usiniambie hakuna, nimechoka kuambiwa. Mimi siwezi kumfungia mtoto mlango, hata ungekuwa umemficha kwenye pango. Ninaye wangu. Kama mama yake yupo, hilo utanieleza na nitakusikiliza, na nikishakusikiliza huenda nisikusemeshe tena. Lakini yule mtoto anateseka!"

"Mama Chiriku, subiri kidogo…"

"Sisubiri. Wewe unakaa hapa unanoa kalamu za watu, mimi mgeni umenitengenezea kalamu kama… kama hii, na wako mwenyewe unamwacha anaburuta mkono kwenye wino? Tazama!" Nilimbandikia karatasi kifuani. "Hakulaza karatasi. Mwanzoni huku hakulaza kabisa. Hapa katikati kidogo kalaza. Na kalamu anaishika kama nyundo, ndiyo maana inatoboa. Hukumwonyesha? Hukumwonyesha hata siku moja?"

"Nani angemwonyesha?" alisema. "Hata mimi nilikuwa sijui."

"Hujui nini?"

Alikaa kwenye kiti cha dirishani, nilichokuwa nimekaa mimi. Akachukua karatasi safi, akailaza. Akaishika kalamu yangu kwa mkono wa kushoto.

Nilidhani anataka kunionyesha kitu kuhusu ncha. Kisha akaanza kuandika.

Jamani, yule mtu! Mtu ambaye vidole vyake hukamata kitu kidogo kuliko punje ya mchele bila kutetemeka. Bega lilimpanda hadi sikioni. Ulimi ukatokeza pembeni ya mdomo. Herufi ya kwanza ilikuwa b, na tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko mgongo.

Nilitazama mkono. Nilitazama karatasi niliyoibandika kifuani kwake, ambayo sasa ilikuwa imeangukia magotini. Nilitazama mkono tena. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi kama mtu anayejaribu funguo nyingi kwenye kufuli moja.

"Lakini…" nilisema. "Kwa nini?"

Alimaliza neno lake kwanza. Alikuwa mtu wa kumaliza.

"Ukishanoa ncha, unaijaribu mwenyewe kabla hujampa mwenye kalamu. Ndivyo nilivyofundishwa. Yako niliijaribu kwa mkono wangu wa kulia, nikaona safi. Ukaja, ukaandika, ukasema ni nzuri, lakini nikaona umekunja uso. Nikainoa tena. Safi. Ukaja, ukakunja uso. Mkono wangu ulikuwa unanidanganya. Nikaona hakuna njia." Aliuinua ule wa kushoto, akautazama kama mtu aliyemzoea. "Huu haukuwa na shule hata kidogo. Nikauanzisha na baba, bibi, bubu, kama nilivyoanzishwa mimi."

"Ndiyo maana kila nikija ulikuwa unaniambia bado."

"Ulikuwa bado. Mkono ulikuwa bado."

"Na ile kucha kwenye soksi…"

"Niliisikia. Siku niliyoisikia nilipiga kelele peke yangu humu ndani. Muuzaji wa viatu alipanda kuuliza kama nimejikata."

Nilihitaji kukaa, na kiti kilikuwa kimoja. Nilisimama. "Sasa si ungesema! Shangazi kakuuliza wazi, mimi nimekuuliza wazi. Ungesema ni wangu huu mwandiko, tungecheka, yakaisha."

"Mbele ya shangazi yako?" Alitikisa kichwa. "Yule mama angeniuliza swali moja tu. Angeniuliza, 'Kila mteja wa kushoto unamfanyia hivyo, baba?'"

Nikauliza, maana hakuna mwanadamu ambaye asingeuliza. "Kila mteja wa kushoto unamfanyia hivyo?"

"Nimepata wengi wa kushoto. Niliwaambia wajizoeshe."

"Na mimi?"

"Wewe sikutaka ujizoeshe."

Alisema hivyo bila kuniangalia, anatazama ile b yake mbaya. Hapo ndipo ningetakiwa kufurahi. Nimewahi kulisubiri neno la namna hiyo miaka mingi, bila kujua litakuwa na sura gani, na sasa limekuja na tumbo kubwa na mgongo mfupi, mbele yangu, na wino wake haujakauka. Furaha ilikuwepo. Naapa ilikuwepo. Lakini machozi yaliyonitoka hayakuwa ya furaha hiyo.

"Nimekuudhi," alisema, akasimama haraka.

"Hapana."

"Basi ni nini?"

"Kwa hiyo hayupo."

"Nani?"

"Mtoto." Nilijifuta kwa kiganja, kile kisafi. "Nilikuwa nimeshampenda. Nilikuwa… nimeshampa kitanda. Najua ni upuuzi. Usicheke."

Hakucheka. Alinitazama muda mrefu, uso mzima umevurugika, kama mtu aliyekuja na jambo lake akakuta nyumba ina msiba. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Pole."

Na mimi nikaitikia, "Asante." Kama vile ni kweli. Tukasimama hivyo, mimi namlilia mtoto ambaye ni mkono wake, yeye hajui anipe mkono upi.

Viatu vipya vilisikika kwenye ngazi kabla ya mwenyewe. Ko, ko, ko. Shangazi alitokea mlangoni, akanitazama, akamtazama fundi, akatazama karatasi.

"Haya. Mtoto ni wa nani?"

"Hakuna mtoto, Shangazi."

"Basi mbona unalia?"

"Kwa sababu hakuna."

Shangazi alifunga macho kidogo, akafumbua. "Fundi, umempa nini huyu? Amenusa wino?"

"Mwandiko ni wangu, mama," fundi alisema. Safari hii hakutazama chini. "Nimejifunza kuandika kwa kushoto, ili niijue kalamu yake. Na si kila mteja ninamfanyia hivyo. Ni yeye peke yake. Sikutaka ulisikie wewe kabla hajalisikia yeye."

Nilisikia godoro la mtu, au kitu kama godoro, kinapigwa na upepo huko nje. Shangazi aliichukua ile karatasi yenye wino mbichi. Akaisogeza mbali na macho.

"Mtu mzima," alisema. "Ndevu zote hizo. Baba, bibi, bubu." Midomo yake ilikuwa inacheza, sikujua kama kwa kicheko au kwa kitu kingine. Aliirudisha mezani taratibu kuliko alivyoichukua. Kisha akanigeukia. "Mwenye Vioo ananingoja. Sasa hivi nina ndiyo mkononi. Nikashuke nayo?"

"Hapana."

"Hapana nisishuke, au hapana nikampe?"

"Kampe hapana. Mwambie namheshimu. Mwambie hana kosa lolote."

"Hilo litamuuma zaidi." Alihema. "Basi, nitajua la kusema, mimi ndiye niliyemtia moyo. Na huyu je? Huyu nimwambie nini?"

"Huyu nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Sijui, Shangazi. Sijui chochote leo. Nilipanda hapa kumgombeza, nikakuta… sijui nimekuta nini."

Alinitazama kwa muda, yule mwanamke aliyenisuka nywele miaka yote, na sidhani kama amewahi kunitazama hivyo. Akanivuta karibu, akanifuta shavu kwa ncha ya khanga yake. Kisha akaanza kushuka, anashika ukuta kwa sababu ya viatu, analaumu ngazi, analaumu muuzaji, anamlaumu aliyevumbua kalamu.

Hatua zake zilipokwisha, fundi alichukua kiti, akakigeuza kikanielekea. Yeye mwenyewe akavuta kisanduku cha chini ya meza, akakigeuza, karatasi zote za baba na bibi zikamwagika sakafuni, akakaa juu yake. Magoti yake yalimfika karibu na kidevu.

"Sasa?" aliuliza.

"Sijui."

"Hata mimi."

Ningeweza kuondoka. Chiriku alikuwa ananingoja kwa jirani, vyeti vya watu vilikuwa vinaningoja mezani, na kichwa changu kilikuwa kama pamba iliyochambuliwa na paka. Nilikuwa na sababu zote za kusema nitarudi kesho nikiwa na akili. Nikakaa.